Walituletea sabuni, sisi tukaomba maji

Juzi nilikuwa napanga stoo ya dispensari, na huko nyuma kabisa, nyuma ya maboksi ya kadi za kliniki za zamani, nikakuta katoni mbili za sabuni za mche zimekauka mpaka zimepasuka, na juu yake bango limekunjwa mara nne. Nikalikunjua. Mtu amevaa maski, amesimama mbele ya sinki jeupe, bomba limefunguliwa maji yanamwagika tu, chini imeandikwa nawa mikono kwa sekunde 20. Ni la mwaka 2020. Nikabaki nimelishika muda mrefu mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa, nikamwambia la, siumwi, nimekumbuka tu.

Nimekumbuka mengi na nimeona afadhali niyaandike kabla hayajanichujuka, manake siku hizi watu wanaizungumzia korona kama hadithi ya zamani, na huku tunakoishi sisi haikuisha hivo.

Mnijue kwanza. Mimi ni muuguzi na mkunga. Nimezaliwa Likoni, nimelelewa kwa Kiswahili cha bibi yangu na mahamri kwa mbaazi, bahari naiona kila siku, na mwaka 2017 nikaletwa Kajiado, ndani kabisa, upande wa kushuka Namanga, mahali ambapo ukiacha lami unapanda boda karibu saa nzima kwenye vumbi na migunga. Wenyeji ni Wamaasai. Nilikuja najua maneno mawili ya Kimaa, leo najua ya kutosha kumzalisha mama bila kuita mtu wa kutafsiri, na haya yote nayasema kama mgeni aliyepokewa, sio kama msemaji wao. Wao wana midomo yao na wanajua kusema, shida ni nani anasikiza.

Sasa maji. Kisima cha karibu kilikuwa kilomita saba. Mama anaamka bado giza, anamfunga punda mitungi minne ya lita 20, anaenda, anapanga foleni, anarudi jua limeshapanda. Hizo lita 80 ni za kupika, za kunywa, za ndama mchanga asiyeweza kutembea mpaka mtoni, za mtoto anayeharisha, na mara nyingi ni za siku mbili. Siku moja nikachukua kalamu nikapiga hesabu nyuma ya lile bango lenyewe: boma la watu tisa, kila mtu anawe mara nane kwa siku, kila kunawa nusu lita kwa kujibana, hizo ni lita 36. Karibu mitungi miwili. Nusu ya mzigo wa punda, kila siku ya Mungu, kwa mikono peke yake! Nikalitazama lile bomba kwenye picha, nikaona haya kulibandika ukutani. Ndo maana lilibaki stoo.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 13 Machi 2020, ilikuwa Ijumaa, ndo waziri wa afya alitangaza mgonjwa wa kwanza Kenya. Jumatatu yake shule zikafungwa. Tarehe 25 ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa, tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Aprili wakafunga Nairobi na miji inayoizunguka, ikiwemo Kitengela, Rongai, Kiserian na Ngong ambazo ni Kajiado hiihii, kwa hivo kaunti yetu ikakatwa vipande viwili, wa juu hawashuki, wa chini hawapandi. Halafu tarehe 16 Mei mpaka wa Tanzania ukafungwa isipokuwa kwa malori ya mizigo, na pale Namanga foleni ya madereva wanaosubiri kupimwa ikawa ndefu mpaka watu wanapika ugali chini ya trela.

Mtu wa mjini akisikia "kaa nyumbani" anaelewa mlango na kitanda. Kwa mfugaji nyumbani ni wapi? Ng'ombe hawali ndani ya boma. Ukimwambia kijana mwenye ng'ombe 60 akae nyumbani siku 14 umemwambia awaache wafe, na yeye hilo hatalifanya, na sio kwa ujinga.

Baraza la kwanza tulilifanya chini ya mti, chifu, mimi, na wale wahudumu wa afya wa kujitolea tunaowaita siechivii. Nilikuwa nimejiandaa, nimeandika kwenye daftari: virusi, dalili, umbali wa mita moja na nusu, kukohoa kwenye kiwiko. Nasema Kiswahili changu, mama mmoja siechivii anatafsiri, wazee wamekaa kwenye vigoda vyao kimya kabisa, na mimi naona kabisa maneno yangu yanaanguka chini kabla hayajawafikia. Mzee mmoja akanyoosha fimbo akauliza, huo ugonjwa ukiingia kwa mtu unakaa wapi? Nikamwambia kwenye mapafu, mzee wangu. Unatoka kwa mtu kwenda kwa mtu kwa njia gani? Nikamwambia kwa pumzi, wakikaa karibu karibu. Akanyamaza kidogo. Kisha akawageukia wenzake akasema kwa Kimaa maneno mengi ambayo sikuyashika, ila moja nililishika, olkipiei. Watu wakaguna. Halafu, wallahi nimeliona kwa macho yangu, wakaanza kusogeza vigoda. Huyu huku, yule kule, akina mama wakatawanyika mpaka kwenye jua, hakuna aliyeamrishwa.

Olkipiei ni homa ya mapafu ya ng'ombe. Mfugaji yeyote anaijua. Inaingia kwa ng'ombe mmoja anakohoa, ukichelewa limekwisha zizi zima, na wao tangu zamani wanajua la kufanya: kundi lenye ugonjwa linatengwa, halinywi kwenye birika moja na wengine, halipiti njia ya malisho ya jirani, mgeni akija na mifugo anaulizwa ametoka wapi. Vilevile nyumbu wakizaa, ng'ombe hawapelekwi pale walipozalia, manake kuna ugonjwa mbaya ng'ombe huupata hapo. Kutenga, kuuliza safari, kukwepa msongamano, haya yote tuliyokuwa tunawafundisha kwa mabango walikuwa nayo kwa lugha yao, na wazee wao waliwasimulia habari za Emutai, ile miaka ya 1880 na 1890 ambapo ilikuja homa ya mapafu ya ng'ombe, ikaja sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ikaja ndui ya watu, na Wamaasai wakapukutika na mifugo yao. Watu wenye kumbukumbu kama hiyo huna haja ya kuwatisha. Unahitaji kukaa chini na kuuliza wanaita nini.

Kuanzia siku ile nikaacha daftari langu. Tukawa tunakwenda boma kwa boma na yule mama siechivii, yeye anasema korona ni olkipiei ya watu, mimi najibu maswali. Alikuwa halipwi kitu, nataka hilo lieleweke. Alitembea miezi hiyo yote kwa viatu vyake vya tairi, na maski mbili za kitambaa anafua usiku anavaa asubuhi.

Kitu kilichoniuma zaidi kilikuwa salamu. Mtoto wa Kimaasai akikutana na mtu mzima hampi mkono, anainamisha kichwa, na mkubwa anaweka kiganja juu ya utosi wake. Ni kama baraka ndogo ya kila siku, mtoto anaweza kupokea hata 20 kwa siku. Nasi tulikuwa tumesema msigusane. Siku moja pale nje ya dispensari kulikuwa na mzee kwenye benchi anasubiri dawa ya presha, akaja mtoto wa kiume, miaka sita hivi, na mama yake. Mtoto kama alivyozoea akaenda moja kwa moja mbele ya mzee akainamisha kichwa. Mkono wa mzee ukainuka, ukafika nusu njia, ukasimama. Akanitazama mimi. Mtoto ameinama bado anasubiri, haelewi kwa nini kiganja hakiji. Kisha mzee akachukua fimbo yake, akaigeuza, ule upande laini wa juu anaoushika kila siku, akaugusisha taratibu kwenye utosi wa mtoto. Mtoto akainuka akaenda zake ameridhika. Baada ya wiki nilikuta mabomani wazee wengine nao wanafanya hivohivo na fimbo. Hakuna kitabu cha wizara kilichoandika hilo.

Njaa ilitangulia ugonjwa. Wagonjwa wa korona tuliowajua kwa hakika walikuwa wachache, vipimo vyenyewe vilikuwa mbali, lakini soko la mifugo lilipofungwa kila mtu alilijua siku hiyohiyo. Mfugaji hana mshahara, ana mbuzi. Mtoto akiumwa anauza mbuzi, karo anauza mbuzi, unga umeisha anauza mbuzi. Soko la Bissil likifungwa ni kama wewe uamke M-Pesa imezimwa nchi nzima na benki zimefungwa na hujui lini zitafunguliwa. Na hata pale mifugo iliporuhusiwa kusafirishwa, wanunuzi wa kutoka Nairobi walikuwa ndani ya lokdauni, hawavuki. Madalali wachache waliofika wakawa wanataja bei wanayotaka. Upande wa Amboseli kina mama waliokuwa wanauza shanga kwa watalii walikaa na mikufu yao kwenye mabeseni mwaka mzima, mmoja aliniambia alifumua mikufu yake akawashonea wajukuu, alau shanga zisikae bure.

Msaada ulikuja, siwezi kusema haukuja, na waliotoa nawashukuru kutoka moyoni manake wengi wao nao walikuwa na shida zao. Lakini nitasema nilichokiona. Lori linafika saa sita jua kali, watu wamekaa tangu alfajiri, kwanza picha. Wanapangwa mstari, bibi wa miaka 80 anapewa mfuko wa unga aushike kifuani, ainue kidogo, jina la mfadhili lionekane. Kokoo mmoja, kokoo ni bibi kwa Kimaa na mimi ndivyo ninavyomwita hadi leo, alishika ule mfuko akaangalia pembeni mpaka wakamaliza. Jioni nilipita kwake nikamkuta anachekecha. Nikamsalimu, takwenya, akaitika iko. Nikamuuliza unga ukoje. Akaniambia, binti yangu, unga ni mzuri na Mungu awalipe, lakini wangeniuliza ningewaambia waniletee dawa ya kupe, mbuzi wangu wakipona najilisha mwenyewe.

Dawa ya kupe! Chupa moja ya dawa ya kuogeshea ingewalinda mbuzi waliokuwa wanamlisha yeye na wajukuu watano, na bei yake haikuwa mbali na bei ya ule mfuko wa unga ambao uliisha kwa wiki mbili. Hakuna mtu aliyekuwa na nia mbaya. Hakuna aliyeuliza, basi.

Tangi nalo likaja kipindi hicho. Lita 5,000, la plastiki, jeusi, jipya, limeandikwa ubavuni. Likawekwa karibu na kanisa la mabati, watu wakapiga makofi, mimi mwenyewe nilipiga. Lori la kulijaza lilikuja mara mbili, kisha halikuja tena. Paa la kanisa lilikuwa pale pale, kubwa, mvua chache zilizonyesha zilikuwa zinateremka juu yake na kumwagika chini, manake gata za kukinga maji hazikuwemo kwenye bajeti. Tangi likakaa tupu. Watoto wakawa wanalipiga ngoma.

Niseme habari ya wasichana ingawa kuiandika kunanitia uchungu. Shule zilifungwa Machi 2020, darasa la nne, la nane na kidato cha nne wakarudi Oktoba, wengine wote mpaka Januari 2021. Masomo yalihamia redioni na kwenye intaneti. Huku betri za redio zilikuwa zinabidi kununuliwa, na bando ni hadithi. Wavulana wakaenda na ng'ombe au kuchimba mchanga mtoni, na kwa wasichana likizo ndefu ikawa na maana nyingine. Kukeketa kumekatazwa na sheria ya mwaka 2011 lakini miezi yote ile bila mwalimu wa kuuliza fulani yuko wapi ni muda wa kutosha kidonda kupona. Mimi nilianza kuwaona kliniki ya wajawazito, watoto wenye miaka 14, 15, wamekaa na kina mama wakubwa kwenye benchi moja, hawainui macho. Mmoja wao nilikuwa namjua, alikuwa anakuja dispensari kunisomea majina ya dawa kwa Kiingereza, anataka kuwa daktari. Alijifungua salama mikononi mwangu. Sera ya serikali inamruhusu mama mdogo kurudi shule, nikampigania hilo, na waliofanikisha kumrudisha hawakuwa watu wa mradi, walikuwa nyanya yake na shangazi yake waliogawana kumlea mtoto, huyu mchana huyu usiku, na kikundi cha kina mama kikauza mbuzi wawili kwa ajili ya sare na vitabu. Siku hizi yuko kidato cha juu. Wengine niliowaona kwenye lile benchi hawakurudi.

Chanjo ilifika Kenya tarehe 3 Machi 2021, AstraZeneca, dozi zaidi ya milioni moja za nchi nzima. Uvumi ulikuwa umetangulia, eti inaondoa kizazi. Mimi nilitegemea vita, na tulikutana navyo kwa vijana wenye simu kuliko kwa wazee. Mzee yuleyule wa olkipiei alisimama barazani akasema, mimi ng'ombe wangu nimewachanja miaka yote na wanazaa, mnaogopa nini ninyi? Akakunja shuka akanipa bega. Tatizo kubwa likawa dozi mbili. Mtu anachanjwa leo, dozi ya pili ni baada ya wiki kadhaa, na wiki hizo kadhaa nyasi zimeisha yeye na mifugo wako kilomita 80 mbali, pengine wameshavuka ng'ambo. Mfumo ukawaandika kwamba wamekataa kurudi. Hawakukataa, walihama, ndivyo wanavyoishi. Septemba 2021 ilipokuja ile ya Johnson & Johnson ya dozi moja tukafunga kisanduku cha barafu kwenye boda tukaenda kuchanjia sokoni na kwenye birika za kunyweshea, pale ambapo mfugaji lazima apite. Siku moja tulimaliza dozi zote kabla ya saa saba mchana. Ukimfuata mtu anapoishi huhitaji kumlaumu.

Na sasa ndo nafika kwenye kilichonifanya niandike. Kila nikisoma kuhusu kujikwamua baada ya korona naona tarehe za mjini. Kafyu iliondolewa 20 Oktoba 2021, watu wakacheza barabarani, hoteli zikafunguka. Sisi huku wakati huo tulikuwa tunaingia shimoni. Mvua za mwisho wa 2020 zilifeli. Za masika 2021 zikafeli. Rais akatangaza ukame kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021, na bado zikaja kufeli nyingine, misimu mitano mfululizo mpaka mwisho wa 2022. Nchi nzima walikufa mifugo zaidi ya milioni 2. Mwaka 2022 ukipita barabara ya Namanga unafunga madirisha kwa sababu ya harufu, mizoga huku na huku, na ng'ombe ambao bado wako hai wamesimama hawana nguvu hata ya kufukuza inzi. Nilimwona mwanamume mtu mzima anamshikilia ng'ombe mkia, yeye na wanawe wawili, kumsimamisha, asubuhi, mchana na jioni, siku tatu, mpaka akashindwa kusimama. Ng'ombe wa shilingi 40,000 aliuzwa 3,000.

Miradi ya korona ilikuwa imeshafungwa. Hema likachukuliwa, pikipiki ya kufuatilia wagonjwa ikarudishwa, semina zikaisha, tukaambiwa muda wa mradi umekwisha. Yaani watu walikuwa wameuza akiba yao ya mifugo kwa bei ya kutupa ili wavuke 2020, wakaingia kwenye ukame hawana kitu cha kuuza, na hapo ndipo kila mtu akaondoka. Utepe wa kupimia mikono ya watoto kliniki ukawa unaonyesha nyekundu, yaani utapiamlo mkali, kila siku. Mimi najua kuhesabu, na watoto niliowapoteza 2022 ni wengi kuliko watu wazima niliowapoteza kwa korona. Lakini kwenye ripoti hivi ni vitu viwili tofauti. Kwa Kokoo ni kitu kimoja, kilianza siku soko lilipofungwa na hakijaisha.

Kilichowavusha mnakijua? Kinaitwa osotua. Neno lenyewe maana yake ni kile kinachomfunga mtoto na mama yake tumboni, sisi pwani tunakiita kiungamwana, na mimi ninayekikata kwa mikono yangu kila wiki nilipoambiwa maana yake nilinyamaza. Wawili wakiwa na osotua, mmoja akipatwa na shida anaomba, na mwenzake anampa kama anacho. Anaomba alichohitaji tu, hazidishi. Haiandikwi, haihesabiwi, sio deni la kudaiwa, na inarithiwa, baba yako alikuwa na osotua na baba yake basi na ninyi mnayo. Wakati mpaka umefungwa na ukame umekaza, ng'ombe waliokuwa wamebaki na nguvu walikuwa wanapelekwa kwa watu wa osotua upande wa Longido, kule Tanzania, kwenye nyasi kidogo, na wakati mwingine wa Longido wanaleta wao huku. Mmaasai huyu na yule ni ndugu, mstari wa ramani ulichorwa wao wakiwa wameshafika.

Ndo maana ninasema ukitaka kumsaidia mfugaji ajikwamue, ardhi iko kwenye orodha ya dawa. Kajiado ilikuwa na malisho ya pamoja, yale ya makundi yaliyoanzishwa kwa sheria ya 1968, na mengi yamegawanywa vipande vipande, vingi vikauzwa, vikazungushiwa waya. Kila waya ni njia ya ng'ombe iliyokufa. Hakuna unga utakaofidia hilo.

Na sio Wamaasai peke yao, wenzao walio misituni walipata makubwa zaidi. Julai 2020, wakati sote tunaambiwa kaa nyumbani, kuna familia za Waogiek kule Mau na za Wasengwer kule Embobut zilizokuwa zinatazama nyumba zao zikibomolewa na kuchomwa. Waogiek walikuwa wameshashinda kesi! Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba haki zao zilivunjwa, na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru wafidiwe shilingi milioni 157.85 na warudishiwe ardhi ya mababu zao. Novemba 2023 wakafurushwa tena. Nilikuwa nasikiliza habari hiyo redioni huku nafunga kidonda cha mtoto, ikabidi nisimame kidogo. Mtu umemvunjia nyumba utamwambia anawe mikono wapi?

Kuna yaliyobadilika, na ni haki niyataje. Mwaka 2023 serikali ikawatambua wale wahudumu wa kujitolea, sasa wanaitwa wahamasishaji wa afya, 100,000 nchi nzima, wamepewa mkoba wenye vifaa na malipo ya mwezi. Yule mama yangu wa viatu vya tairi alikuja dispensari na mkoba wake mgongoni akautoa kila kitu mezani kimoja kimoja, mashine ya presha, ya sukari, kipima joto, mizani, akaniambia zile njia zote alizitembea mikono mitupu. Malipo yakichelewa, na huwa yanachelewa, bado anatembea. Mwenye pesa ya kusaidia jamii hizi akiniuliza mimi aanzie wapi nitamwambia aanze na huyu, amlipe kwa wakati, na kabla hajaandika mradi wake aende akakae naye boma kwa boma wiki moja, bila kamera.

Kokoo alibaki na ng'ombe watatu na mbuzi saba. Mwaka jana kutoka Longido akaletewa mtamba, mwekundu, mwenye doa jeupe kifuani, na mtu ambaye baba yake alipewa fahali na marehemu mume wa Kokoo kabla mimi sijazaliwa.

Na tangi. Mwanzoni mwa 2024 kina mama wa kile kikundi, walewale wa sare na vitabu, waliuza shanga kwa watalii waliorudi Amboseli, wakachanga, wakauza na mbuzi mmoja, wakamwita fundi. Gata, misumari, bomba la kuteremshia na koki, kazi ya siku moja na nusu. Miaka minne tangi limekaa pale likisubiri hicho. Masika ya mwaka huo ndo zile mvua zilizoleta mafuriko nchini, kwingine zilibomoa na kuua watu na siwezi kuzisifu, lakini kwetu usiku wa kwanza ilinyesha mpaka alfajiri na nilipotoka nje nikawakuta kina mama wamejifunika shuka wamesimama kando ya kanisa, wanagonga ubavu wa tangi kwa vidole, juu zaidi, juu zaidi, wakisikiliza sauti inabadilikia wapi. Lilikuwa limejaa hadi mlomoni.

Wakapanga wenyewe, mtungi mmoja kwa boma kila siku mbili, mwenye mtoto mchanga anaongezewa, dispensari tunapata mitungi miwili. Wakaweka kufuli kwenye koki. Ufunguo anao Kokoo, ameufunga kwenye shanga za shingoni, katikati ya nyekundu na nyeupe, na ukitaka maji unamwendea mapema, unamsalimu, anakuuliza kwanza nyumbani mko wangapi.